Mlimau Kwenye Ndoo, Maji ya Kisima

Wasikilizaji, naongea na wewe uliye jikoni unateleka chai ya jioni, wewe uliyekwama kwenye matatu Barabara ya Mombasa, na wewe mkaaji wa mji wa Mlolongo, kando ya barabara hiyo hiyo, uliyepanda juu ya paa la ploti kutafuta upepo kidogo. Wewe wa mwisho usiende mbali. Leo nina jambo na wewe.

Tunazungumzia miti ya matunda iliyopandwa kwenye vyombo. Ya shambani tuiache kwa leo. Nasema ile ya kwenye ndoo ya rangi, kwenye mtungi uliokatwa shingo, kwenye nusu pipa. Mlimau, mndimu, mkomamanga, mtini, mpera. Na tutaitazama tukiwa Mlolongo, kwa sababu shida zote za mti wa kwenye ndoo zimekutana pale.

Anayepajua Mlolongo ananielewa. Ploti zimebanana, ngazi zimebanana, kamba za nguo zimebanana. Ardhi yenyewe ni udongo mweusi, ule unaovimba ukinyeshewa na kupasuka ukikauka. Malori yanapita usiku na mchana. Upepo wa mbuga za Athi unavuma mchana kutwa na kuja na vumbi lake. Joto si kama la Mombasa, la! Mombasa hewa ina unyevu. Hapa Januari na Februari jua ni kali, hewa ni kavu, na usiku unajifunika blanketi. Na maji? Ya mfereji huja kwa zamu, na zamu yenyewe hujui lini. Kwa hiyo mtu anangojea boza, anaita mkokoteni wa mitungi, au anateka kisima cha ploti. Na visima vingi vya upande huu vina maji ya chumvi. Mnayajua nyinyi. Mnayaonja kwenye chai.

Sasa nisikilizeni vizuri, maana hapa ndipo mzizi wa mazungumzo ya leo. Maji yakiwa ya kununua, mtu huyagawa kidogo kidogo. Na hiyo ni akili, kwa vitu vingi. Lakini kwa mti wa kwenye ndoo, kile kikombe kimoja unachomwagia kila jioni ukidhani unaukoa, ndicho kinachouua. Narudia kwa yule aliyekuwa anajibu simu: kikombe cha kila jioni ndicho kinachoua mti. Wengi huamini mti wao umekufa kwa jua. Wengine humlaumu aliyewauzia mche kando ya barabara. Wako hata wanaosema ni jicho la jirani. Hebu tumwache jirani apumzike, tuangalie ndoo.

Njoo tuuangalie mlimau mmoja, nauchora tu kwa maneno. Uko kwenye ndoo ya rangi ya lita 20, pembeni mwa roshani. Ulinunuliwa mwezi wa tano ukiwa kijani kibichi, una malimau mawili. Sasa ni Februari. Yale mawili yalishaanguka. Majani yamebaki, lakini ncha zake zimekauka rangi ya kahawia, na ukavu unapanda ukingoni mwa jani kuelekea ndani, kama limepitishwa motoni. Angalia udongo. Juu yake pana ukoko mweupe. Mdomo wa ndoo una mstari mweupe. Tia kidole: juu pana unyevu wa jana, chini ya hapo ni kukavu kabisa. Na udongo wenyewe umejivuta katikati, umeachana na ukuta wa ndoo, pembeni pana ufa ambao kidole kinaingia.

Ule weupe ni nini? Ni chumvi. Jua linapoyanyonya maji, yanayopanda hewani ni maji matupu. Mti nao unapokunywa huchukua maji na kuacha sehemu kubwa ya chumvi nyuma. Kwa hiyo kila kikombe unachomwaga, maji yanaondoka, chumvi inabaki. Tufanye hesabu moja tu, sitawachosha. Tuseme maji ya kisima chako yana gramu moja ya chumvi katika kila lita. Ukimwagia ndoo moja mtungi mzima wa lita 20 kwa vikombe vikombe, hata kama ni kwa wiki kadhaa, umeuwekea mti gramu 20 za chumvi. Hivyo ni vijiko vya chai vitatu, vinne. Shambani mvua ingeisukuma chumvi hiyo chini kabisa, mbali na mizizi. Kwenye ndoo itakwenda wapi? Inakaa pale pale. Baada ya miezi, chumvi ya kwenye udongo inayashikilia maji, na mti unashindwa kuyavuta ijapokuwa unayaona maji yapo. Una kiu katikati ya unyevu.

Basi tufanyeje? Mwagilia mara chache, lakini mwagilia mpaka chini. Naomba niseme tena: mara chache, mpaka chini. Mimina taratibu, ngoja yanywewe, mimina tena, mpaka uone maji yanatoka kwenye matundu ya chini. Ukimwaga lita tano, acha kama lita moja itoke. Hiyo inayotoka ndiyo inayobeba chumvi na kuitoa nje. Najua kinachokupita kichwani: “Huyu anataka nimwage maji ya pesa?” Ndiyo. Lakini angalia matokeo. Yule wa lita tano kila baada ya siku kadhaa atatumia maji mengi kuliko yule wa kikombe kila jioni. Lakini yule wa kikombe atapoteza maji na mti pia.

Sasa, hilo la maji kutoka chini lina mambo yake ya ujirani. Unakaa ghorofa ya tatu, maji ya udongo yanateremka hadi kwenye shuka nyeupe za mama wa ghorofa ya pili. Hapo hata malimau hayatakusaidia. Pandisha ndoo juu ya matofali mawili, weka karai chini yake, ukimaliza kumwagilia ngoja kidogo kisha toa karai. Na yale maji ya karai usiyarudishe kwenye ndoo! Nimewaona watu wanayarudisha wakidhani wanaokoa. Ndiyo yale yaliyobeba chumvi. Mwaga chooni. Wala usiache maji yakae kwenye sahani chini ya chungu siku nyingi, maana mbu wa homa ya denge anapenda maji kama hayo ya nyumbani. Wenzetu wa Mombasa wamepata milipuko ya denge zaidi ya mara moja, wao hawahitaji kuambiwa.

Nitajuaje siku ya kumwagilia? Swali zuri. Usifuate kalenda. Mlolongo ya Februari na Mlolongo ya Julai, ile ya baridi na manyunyu, ni miji miwili tofauti. Tia kidole kwenye udongo mpaka kiungo cha pili. Ukikuta unyevu, ondoka, nenda kafanye kazi nyingine. Ukikuta kukavu, mwagilia. Njia nyingine, ambayo mimi naipenda zaidi, ni kuinyanyua ndoo kidogo upande mmoja mara tu baada ya kumwagilia, ujue uzito wake. Kesho inyanyue tena. Keshokutwa tena. Mkono utakufundisha haraka kuliko mimi hapa redioni.

Na hili pia: usiukimbilie mti na maji kwa sababu tu umeyaona majani yamelegea saa tisa mchana. Jua la saa tisa hulegeza hata mti ulioshiba. Uangalie alfajiri. Kama alfajiri majani yamesimama, mti hauna kiu, ulikuwa unajikinga. Kama hata alfajiri yamelegea, hapo kuna jambo: ama udongo umekauka, ama, na hii wengi hawaitarajii, udongo umejaa maji na mizizi inaoza. Mti unaokufa kwa kiu na mti unaozama hufanana sana kwa macho. Kidole ndicho kitakachokuambia.

Hapo tumefika kwenye matundu ya chini, na hapa, wasikilizaji, nitagombana na watu wengi. Ukiuliza mtaani jinsi ya kuandaa ndoo ya kupandia, utaambiwa: toboa matundu, kisha weka tabaka la kokoto chini ili maji yashuke vizuri. Kila mtu anasema hivyo. Si kweli, na unaweza kuhakikisha mwenyewe usiku wa leo ukiosha vyombo. Chukua sifongo ya kuoshea vyombo, ilowanishe mpaka itiririke, ishike ikiwa imelala bapa. Itadondosha maji kisha itaacha. Sasa iweke juu ya kokoto, hivyo hivyo ikiwa imelala. Je, imetoa maji zaidi? Hapana. Isimamishe wima. Haya basi, yanaanza kudondoka tena! Udongo nao uko hivyo. Sehemu ya chini kabisa ya udongo hubaki imeshiba maji, na kokoto haiyavuti, inafanya tu sehemu hiyo iliyoshiba ipande juu zaidi, karibu na mizizi. Kwenye ndoo fupi unaupunguzia mti nafasi. Jaza udongo mpaka chini. Juu ya matundu weka kipande cha wavu au cha chungu kilichovunjika, udongo usimwagike. Basi.

Utaniuliza, mbona bustani za magunia kule Kibera huwekwa mawe katikati? Sawa, lakini yale mawe husimamishwa kama nguzo, toka chini mpaka juu, ili maji yakimwagwa juu yafike kila upande wa gunia, hata kwa sukuma wiki iliyochomekwa pembeni. Nguzo ni jambo moja, tabaka la chini ni jambo jingine.

Na udongo wa kujaza? Ule mweusi wa nje ya ploti usiujaze peke yake. Ndio ule unaojivuta na kuacha ufa pembeni, ukimwaga maji yanapita kwenye ufa, yanatoka chini upesi, nawe unafurahi ukidhani umemwagilia kumbe donge la katikati halijapata hata tone. Tafuta udongo mwekundu, changanya na mboji au samadi ya mbuzi iliyoiva, na mchanga mkubwa wa mtoni. Na kama ndoo yako imeshafikia hali ya ufa, usiung'oe mti. Itumbukize ndoo nzima kwenye karai kubwa la maji, ngoja mpaka mapovu yaishe, udongo utavimba urudi mahali pake. Kisha itoe ichuruzike.

Tusogee kwenye joto lenyewe. Watu huogopa jua la juu ya majani, lakini malimau na makomamanga yanataka jua. Hatari iko kwenye chombo. Ndoo nyeusi au mtungi uliokaa upande wa magharibi, jua la alasiri linaupiga ubavuni, udongo wa upande ule unachemka. Mizizi ya miti mingi ikipita nyuzi 40 inaanza kufa, na mizizi mingi ya kwenye ndoo iko pale pale ukutani. Weka mkono wako ubavuni mwa ndoo saa kumi. Ukiuondoa upesi kwa moto, mizizi haina pa kuondokea. Dawa si ngumu: paka chombo rangi nyeupe, au kifunike kwa gunia, au kiweke ndani ya chombo kikubwa zaidi pawe na nafasi ya hewa katikati. Au panga ndoo zote pamoja, zile ndogo zipate kivuli cha kubwa.

Halafu tandaza. Majani makavu, maganda ya maharage, nyasi kavu, chochote kilicho kikavu, unene wa vidole vitatu au vinne, ila usikigusishe na shina. Watu wa Machakos na Kitui hawahitaji kufundishwa hili. Wamejenga mabwawa ya mchanga kwenye mito ya msimu, maji yanajificha ndani ya mchanga jua lisiyafikie, na kiangazi watu wanachimba kidogo tu wanateka. Tandazo la kwenye ndoo linafanya kazi ile ile.

Maji ya kufulia je? Hapana. Sabuni ya unga ina chumvi zake, na dawa ya kung'arisha nguo ndiyo balaa kabisa. Maji ya kuoshea mchele, ya kuoshea mboga, ya kulowekea ndengu, hayo ni halali, mradi hujatia chumvi.

Na majivu! Nusura niyasahau majivu. Mtu akimaliza kupika kwa jiko la makaa, anamwaga majivu kwenye ndoo ya mlimau, eti ni mbolea. Shambani kwenye udongo mchachu yanasaidia kweli. Lakini kwenye ndoo inayonyweshwa maji ya kisima yenye magadi, unazidisha kile ambacho tayari kimezidi. Utaona majani machanga yanageuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Hiyo ni njaa ya chuma. Chuma kimo kwenye udongo, lakini kimefungwa, mti haukifikii. Acha majivu. Samadi ya kuku pia, iogope: ina nguvu na ina chumvi nyingi. Mboji kiganja kimoja kimoja, mara kwa mara, inatosha.

Nipande mti gani? Kama maji yako ni ya chumvi, anza na mkomamanga au mtini. Hiyo huvumilia zaidi. Mlimau na mndimu vinawezekana ukivisafishia udongo kama nilivyosema. Parachichi, ndugu yangu, liache kwa watu wa Murang'a. Halipendi chumvi na halifichi hasira zake. Embe ni fahari ya Machakos na Makueni, lakini linataka nusu pipa kwa uchache, na paa lenye nguvu. Na ukinunua, nunua mche uliopandikizwa, kwenye kitalu kinachotambulika, si uliotoka kwenye mbegu. Wa mbegu unaweza kukaa miaka mingi unakuonyesha majani tu. Mahali pale palipoungwa pasifukiwe na udongo, na chipukizi likitokea chini ya hapo, likate. Hilo si limau lako, ni la mti wa chini.

Vumbi nalo. Mara moja moja osha majani kwa maji masafi, juu na chini, asubuhi. Vumbi likikaa kwenye jani, utitiri hushamiri.

Sasa mvua. Tuna mvua ndefu za Machi hadi Mei, na za vuli kuanzia Oktoba. Maji ya mvua hayana chumvi, hayana bei. Kila milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ya bati ni lita moja ya maji. Kwa hiyo kibanda cha bati cha mita kumi za mraba, mvua moja nzuri ya milimita 20, ni kama lita 200. Pipa zima! Mwombe mwenye nyumba ruhusa ya kufunga mfereji wa bati. Acha mvua ya kwanza ioshe vumbi la bati, kisha kinga. Na hata kama huna pipa, fanya hili: mvua ya Machi ikianza, toa ndoo zako chini ya paa, ziweke wazi zinyeshewe mpaka maji yatoke chini kwa wingi. Hiyo ndiyo siku ya kuiosha chumvi ya kiangazi chote, bure. Wengi hufanya kinyume. Mvua ikija wanaingiza mimea ndani.

Namaliza na swali ambalo kila Desemba linarudi. Nakwenda ushago wiki mbili, mti wangu nimwachie nani? Kwanza, siku ya kuondoka mwagilia mpaka chini, tandaza vizuri, kusanya ndoo zote mahali penye kivuli na pasipo upepo. Pili, chukua fulana ya pamba iliyochakaa, ikate utepe mrefu, ulowanishe. Ncha moja izamishe mpaka chini ya ndoo iliyojaa maji, na ndoo hiyo iwe juu kidogo kuliko mti. Ncha nyingine ifukie kwenye udongo wa mti, karibu na mizizi. Maji yatapita kwenye utepe polepole. Jaribu kabla ya safari, siku mbili tatu ukiwa bado upo, ujue utepe wako unapitisha kiasi gani. Ukipitisha haraka mno, tumia mwembamba zaidi. Ifunike ile ndoo ya maji kwa sababu ya mbu na watoto. Tatu, kama ni jirani utakayemwachia, usimwambie tu “nimwagilie mti wangu.” Mpeleke kwenye ndoo, mwonyeshe kidole kinafika wapi, mwonyeshe maji yanatokea wapi chini. Usipomwonyesha, atakuja kila jioni na kikombe.